Kumbe Sydney Nao Wana Gulio

Jumamosi yangu ya tatu Sydney nilipanda basi namba 431 kwenda kitongoji cha Glebe kutafuta sweta. Ilikuwa mwezi Juni, na mtoto wa Ilala hajui kwamba Juni inaweza kumng'ata mtu masikio. Jirani niliyemuuliza nguo za bei nafuu zinapatikana wapi alinijibu, "Nenda pale shuleni." Nikadhani Kiingereza changu ndicho kimenipotosha. Shuleni, kununua sweta?

Nikafika, nikakuta ni shule kweli. Glebe Public School, shule ya msingi kando ya barabara ya Glebe Point. Geti liko wazi, na uwanja ambao siku za masomo watoto wanakimbizana umejaa mahema meupe. Nguo zimetundikwa kwenye vyuma vya magurudumu, sahani za santuri zimepangwa kwenye makasha, na wanawake wa Kituruki wanasukuma unga kwa mti wa chapati, mwembamba kama fimbo, wanaweka mchicha na jibini katikati, wanakunja na kuchoma. Chapati, nikasema. Wao wanaiita gözleme, lakini kwangu ile ni chapati iliyosafiri. Sweta nilipata. Ila kilichonikaa kichwani siku ile hakikuwa sweta, kilikuwa geti.

Kwetu Dar neno gulio tunalisikia tukienda kwa bibi. Ni soko la siku moja: wafanyabiashara wanakuja alfajiri na mizigo yao, jioni wameondoka, panabaki majani ya kabichi na mbuzi wanaoyala. Sisi wa mjini tuna masoko ya kila siku, kwa hiyo tunajiona tumeshavuka hatua hiyo. Nimeishi hapa mwaka wa sita sasa, na wikendi nyingi nimezimalizia kwenye masoko ya vitongoji hivi vinavyozunguka katikati ya jiji. Karibu yote ninayoyajua ni magulio.

Paddington soko liko kwenye kiwanja cha kanisa, Oxford Street, kila Jumamosi tangu 1973. Eveleigh wakulima wanauza ndani ya Carriageworks, karakana za zamani za reli zilizojengwa miaka ya 1880, na ukiinua macho unaona vyuma vya paa lililokuwa juu ya mabehewa. Lilyfield ni shule tena. Marrickville, Jumapili, soko liko Addison Road, mahali palipokuwa kambi ya jeshi. Shule, kanisa, karakana, kambi. Katika yote hayo hakuna hata moja lililojengwa ili liwe soko. Asubuhi linatokea, jioni limekwisha, na mwenye eneo anaendelea na kazi yake.

Hapa ndipo ninapotaka kubishana na wenzangu wa nyumbani. Sisi tukisema soko tunawaza jengo: mkandarasi, jiwe la msingi, utepe wa kukata. Muda hatuuwazi kabisa. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wenyewe wawili wasiokutana, mmoja wa Jumatatu na mwingine wa Jumamosi, na hakuna anayemfukuza mwenzake.

Kabla sijaonekana nimelewa ughaibuni, niseme yanayonikera.

La kwanza ni mitumba. Mama yangu aliuza nguo za watoto Karume, pale Mchikichini, kwa miaka mingi. Moto ulipoliteketeza soko lile Januari 2022 alikuwa ameshaacha, lakini alilia kama mwenye meza. Nimekulia kwenye harufu ya belo linapofunguliwa, na ile "chagua chagua, buku, buku!" naweza kuiimba usingizini. Sasa fikiria ninasimama Glebe mbele ya koti la jinzi lililopauka viwiko, lenye kovu la wino mfukoni, na bei yake ni dola 45 za Australia. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu sabini. Kwa mtumba! Nilimpigia mama kwa video nikamwonyesha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Limevaliwa na nani, baba? Na mfalme?"

Baadaye nilielewa, ingawa sikukubali. Koti lile halikuuzwa kama nguo ya mtu asiye na uwezo wa kununua mpya. Liliuzwa kama kitu adimu, na msichana aliyekuwa analiuza alijua limeshonwa mwaka gani na vifungo vyake ni vya aina gani. Mama naye alijua hayo. Angeshika pindo tu akakwambia kama nguo itavumilia kufuliwa na mdogo wako wa tatu. Tofauti ni kwamba ujuzi wake haukuwahi kuingizwa kwenye bei.

La pili ni kupunguziwa. Siku za mwanzo nilimwambia muuzaji mmoja wa vikombe, kwa upole wote, apunguze kidogo. Aliniangalia kama nimemuuliza mshahara wake. Bei imeandikwa, basi imeandikwa. Nimekuja kugundua kwamba inashuka yenyewe bila kuombwa: soko la Glebe likikaribia kufungwa, saa tisa na nusu alasiri hivi, muuzaji anaanza kuhesabu safari za kurudisha mizigo kwenye gari, na kilichokuwa dola 20 kinakuwa 12. Kwa hiyo mimi huwa nafika saa tisa.

Wenzangu wengi wa huku husema wanakumbuka sana kupatana bei. Mimi hapana, na najua nitanuniwa. Kupatana ni kutamu kwa mwenye ulimi. Mke wangu ni mtu wa Iringa, mpole, na Kariakoo walimla bei miaka yote hadi akawa ananituma mimi. Bei iliyoandikwa haina habari na lafudhi yako wala viatu ulivyovaa. Ninachokikosa ni nyongeza: lile konzi la dagaa linalotupiwa kwenye mfuko baada ya kupima, na mtu kukwambia, "Chukua tu, utaniletea kesho." Huku kesho haipo. Kadi ikikataa, umekataliwa. Ni mama mmoja tu wa Kivietinamu, muuza mboga karibu na nyumbani, anayeniongezea fungu la matembele, tangu siku aliponiona nimesimama mbele yake nikiyashangaa kama nimemkuta shangazi yangu stendi. Sikutegemea kuyakuta matembele upande huu wa dunia.

La tatu ni makaratasi. Mtu akitaka meza anaomba kwa mwendeshaji wa soko, analipia siku yake na anaonyesha bima, ili mteja akijikwaa kwenye kamba ya hema lake pawe na pa kulipia. Kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni dola milioni 10 hadi 20 za fidia. Anakuwa pia na namba ya biashara, tarakimu 11, ambayo kuiomba ni bure. Kodi ya bidhaa na huduma haimhusu mpaka mauzo yake ya mwaka yafike dola 75,000. Akiuza chakula kilichopikwa kuna mlima mwingine: kibali cha halmashauri, maji ya kunawa mikono, kipimajoto. Mama ntilie wa Ilala na sufuria lake la maharage asingevuka geti lile. Hilo nalisema wazi, kwa sababu tunaosifia utaratibu wa Wazungu huwa hatusemi ni nani utaratibu huo umemwacha nje.

Lakini aliyevuka geti amevuka. Miaka sita hii sijaona mgambo akikimbizana na mtu mwenye shuka la viatu mgongoni. Muuzaji anajua tangu Jumatatu kwamba Jumamosi atakuwa nafasi ileile, karibu na mti uleule. Ukinilazimisha nitaje kitu kimoja tu cha kupeleka nyumbani, nitaacha usafi na mahema meupe, nichukue huo uhakika wa kesho.

Tulijaribu kwa njia zetu. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wamachinga kwa shilingi 20,000, na kwa muda watu walipumua. Mwaka 2021 ikaja kazi ya kuwapanga upya, vibanda vikaondolewa barabarani, watu wakaelekezwa kwenye maeneo waliyotengewa. Tulikuwa tumeshajenga na ghorofa, Machinga Complex pale Ilala, ambalo miaka mingi lilikuwa kimya kwa sababu mteja wa machinga ni mpita njia. Ametoka kazini, macho yake yameona mkanda, ameununua. Hapandi ngazi kwenda kuutafuta. Ukimhamisha muuzaji ukamwacha mteja kituo cha daladala, umehamisha nusu ya soko, tena nusu isiyo na hela.

Sasa Glebe ni wapi? Iko mlangoni mwa jiji, watu wanafika kwa miguu. Soko limewekwa mahali ambapo watu wapo tayari, siku ambayo wenye eneo hawapo. Magomeni, Ilala na Kinondoni ni vitongoji vya namna hiyohiyo, na vina viwanja vya shule na maegesho ya ofisi za serikali yanayolala kuanzia Ijumaa jioni. Wikendi yote mlinzi mmoja anazungushia macho eneo ambalo lingebeba meza mia.

Nilimweleza hayo binamu yangu anayeuza vyombo vya plastiki Tandika. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Kaka, wewe sasa umekuwa mtalii. Mimi nakula leo nilichouza leo. Huyo wa kusubiri Jumamosi ana mshahara sehemu nyingine."

Alinibana. Ni kweli, wauzaji wengi niliozoeana nao Glebe wana kazi nyingine katikati ya wiki: mmoja muuguzi, mwingine anafundisha. Soko kwao ni nusu biashara, nusu matembezi. Lakini nikamkumbusha watu wa magulio ya mikoani. Wale wana siku saba za kazi. Leo wako kijiji hiki, kesho kile, wanapanda fuso na mizigo yao, wanalijua zunguko lote la wiki kuliko wanavyojua sikukuu. Hawasubiri Jumamosi, wanaifuata siku ilipo. Magomeni ikiwa na siku yake, Tandika siku yake, Buguruni siku yake, na siku hiyo barabara moja au maegesho mamoja yakawa ya wauzaji kihalali, kwa ushuru unaojulikana, binamu yangu halazimiki kulala njaa Jumanne. Akasema ushuru wenyewe utaliwa. Hapo sikuwa na jibu la kutoka Sydney.

Mwaka jana mama alikuja kututembelea. Nilimpeleka Glebe akiwa amejifunga khanga mbili juu ya koti langu. Hakutembea kama mgeni, alitembea kama mkaguzi. Anageuza nguo ndani nje, anavuta zipu mara mbili, anashika pindo, anarudisha. Mbele ya gauni moja la maua alinong'ona, "Hili ni zuri, lakini bega limefumuliwa wakashona tena. Mwambie." Sikumwambia.

Tulipochoka tukakaa kwenye benchi fupi la watoto wa shule, magoti yakigusa kidevu. Mahema yalishaanza kukunjwa.

"Hawa kesho wako wapi?" akauliza.

"Wengine Marrickville. Wengine wanapumzika."

"Na hapa?"

"Jumatatu watoto wanasoma."

Akautazama uwanja mzima, taratibu, kama anayepiga hesabu ya meza. Nikategemea aseme kitu kikubwa. Akaniuliza vyoo vya wauzaji viko wapi, na wanalipia shilingi ngapi kuingia. Nikamwonyesha, nikamwambia hawalipi. Akaenda mwenyewe, akakawia kidogo, akarudi anafuta mikono kwenye khanga.

"Sabuni ipo," akasema, akakaa, akavua viatu.