Jezi ya Hisani Ilivyonikaba

Kamati ya tawi letu la mashabiki ilitangaza Ijumaa jioni: kuna jezi maalumu za hisani, shilingi 30,000 moja, na fedha zote zitanunua mashuka ya wodi ya watoto. Ziko 100 tu, kila moja na namba yake mgongoni, zikiisha zimeisha. Timu yenyewe siitaji. Coastal Union na African Sports niwaache salama, maana hapa Tanga ukimgusa mmojawapo nusu ya ukoo hawakusalimii. Hii yetu ni timu ya mbali. Kamati nayo naihifadhi. Nina wakwe humo.

Jumamosi alfajiri nafika Ngamiani, nakuta foleni ya kandambili. Wenye kandambili wako baraza ya ng'ambo wanakunywa kahawa, kila mtu kaacha kitu cha kumshikia nafasi: huyu tofali, yule baiskeli. Mtindo wa bombani enzi za mgao wa maji, na sijawahi kuuona ukiisha kwa amani. Nikavua kiatu cha kushoto nikakiweka nyuma ya ndoo. Ndoo! Mpaka leo najiuliza nani alikuja kununua jezi na ndoo.

Fremu ikafunguliwa jua limeshakuwa kali. Mtunza hazina akatoka na boksi moja, akalikumbatia, akatangaza kwamba zimebaki 23.

"Zimebaki? Umeuza saa ngapi?"

"Nyingine zimechukuliwa na wadau."

Hapo ndipo foleni ilipochafuka. "Mdau ni mimi niliyelala na mbu hapa!" akafoka jamaa mmoja, ingawa wote tulimwona akishuka kwenye bajaji muda si mrefu. Kila mtu akakimbilia kandambili yake, na kwa kuwa kandambili za mji mzima ni za rangi mbili tatu, ugomvi wa nani ni wa ngapi ukageuka ugomvi wa hii ni ya nani. Kiatu changu kilikanyagwa mpaka kikaingia mtaroni. Nafasi nikabaki nayo, kwa sababu niliing'ang'ania kwa mguu wenyewe.

Katikati ya vurugu kijana mmoja mwenye miwani akaanza kutuhutubia. Mwaka 2006, anasema, Barcelona waliandika UNICEF kifuani, na badala ya kulipwa na wanayemtangaza, klabu ndiyo iliyokuwa inatoa euro milioni 1.5 kila mwaka. "Na jezi ile iliuzwa kwa kila aliyeitaka!"

Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja, kikoi chini, koti la suti juu, ameegemea baiskeli. Akamgeukia taratibu. "Mgosi, Barcelona hao wangekuwa na kamati yetu wangeshona 11 tu. Na ya kipa angepewa shemeji wa katibu."

Tukasogea. Ilipofika zamu ya mzee, boksi lina jezi moja. Akaitazama, akakitazama kifua chake, akacheka. "Mimi hii ya nini? Chukua 30,000 yangu, andika mashuka."

Mtunza hazina akapekua daftari mbele, akapekua nyuma. "Mzee wangu, hili ni daftari la jezi. Humu mchango hauna pa kuandikwa."

"Si jambo moja?"

"Hesabu zitanikataa. Nitaonekana nimeuza jezi ya 101."

Mzee akakaa kimya, noti zimo mkononi bado. "Jezi zimeisha, nimeelewa. Sadaka nayo imeisha?"

Watu wakacheka, hata waliokuwa wamekabana wakaachiana ili wacheke vizuri. Mzee akazifutika pesa zake kikoini, akapanda baiskeli, huyo. Hakuaga.

Kwa hiyo jezi ya mwisho ikaniangukia mimi. Namba 100. Saizi yake, kwa makadirio yangu, mtoto wa darasa la tatu, tena asiyekula vizuri. "Inavutika hiyo," mtunza hazina akanihakikishia huku anafunga boksi tupu.

Nyuma yangu kulikuwa na watu wasiopungua hamsini, macho yote kwenye kile kitambaa. Nikaivaa palepale, juu ya fulana yangu, na hesabu yangu ilikuwa safi kabisa: kilichovaliwa hakiporwi. Mkono wa kulia ukapita mpaka kwenye kiwiko, ukagoma. Kichwa kikatoka, masikio yakachelewa kidogo. Wa kushoto ukabaki ndani, umebanwa kwenye mbavu. Nikawa nimesimama pale, mkono mmoja juu kama mwanafunzi anayelijua jibu.

Na hapo ndipo alipojitokeza mtu wa 80,000. "Mgosi, nipe hiyo, nakupa 80,000 taslimu."

"Chukua," nikamwambia. Nilikuwa mkweli. Kuichukua ndiyo kazi.

Wakanivuta. Wawili huku, watatu kule, na mmoja asiyevuta akitoa maelekezo. "Polepole, itachanika, ya hisani hiyo!" Kuhusu mimi kuchanika hakuna aliyeuliza. Ikabidi nipelekwe kwa fundi cherehani, nyumba chache mbele, na njia nzima bajaji zinanisimamia kwa ule mkono. "Wapi, bosi?" Mmoja alipoona sipandi akanitukana kwa kumpotezea muda.

Fundi akachukua mkasi. "Nikate wapi?"

"Ukikata sinunui!" akapiga kelele mtu wa 80,000. Umati ukamuunga mkono yeye.

Aliyeniokoa ni bi mkubwa wa vitumbua, kibaraza cha jirani. Alikuja na dumu lake la mafuta ya kukaangia, ya jana, bila kuuliza akanimiminia shingoni. "Vumilia, mwanangu." Jezi ikachomoka kwa kishindo, ikaondoka na fulana yangu, nikabaki kifua wazi mbele ya Ngamiani yote. Mtu wa 80,000 akainusa, akaona mafuta yanatiririka kwenye ile namba 100, akashuka mpaka 5,000. Nikakataa. Bi mkubwa akasema hiyo 5,000 ndiyo bei ya mafuta yake. Nikalipa.

Mtunza hazina naye akawasili, simu mkononi, kijana nyuma yake kabeba bango la tawi. Anataka picha ya mfadhili wa mwisho. Nimeishika ile jezi inavuja, natafuta pa kuficha kitambi, mara kengele ya baiskeli ikalia. Ni yule mzee, anatokea upande wa sokoni, nyuma kwenye keria kafunga mashuka mapya ya maua kwa mpira wa baiskeli, anaelekea hospitali.

"Mzee! Mzee, simama kidogo tupige picha na bango!"

Mzee akageuka, akaliona bango, akainuka kwenye kiti akaanza kukanyaga kwa nguvu zake zote. Mtunza hazina akamfukuza, simu juu, kijana na bango wakimfuata, upepo wa bahari umelijaza bango unamrudisha nyuma. Nami, kiatu kimoja, mafuta mpaka kiunoni, nikajikuta napiga kelele na umati mzima: "Kanyaga, mzee! Kanyaga!"