Kijiji kikinunua ardhi, iandikwe kwa jina la nani?

Katika vijiji vya wilaya ya Busia, upande wa Uganda, habari hii hujirudia. Mzee aliyewaachia watu kipande cha shamba lake wachezee mpira, wafanyie mikutano na kuchota maji ya chemchemi anafariki. Watoto wake, wengine wako Kampala na wengine wamevuka mpaka kutafuta riziki Kenya, wanataka kugawana urithi, na njia nyepesi ya kugawana ni kuuza. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaita mkutano. Mtu anasimama na kusema: tuchange, tununue wenyewe.

Wanaolipinga wazo hilo wana hoja ya kusikilizwa. Wanasema ardhi ya shule, zahanati na uwanja ni wajibu wa serikali, na mwananchi aliyekwisha kulipa kodi kwenye sukari, mafuta na kutoa pesa kwa simu hapaswi kulipa mara ya pili. Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inairuhusu serikali kutwaa ardhi kwa matumizi ya umma, mradi ilipe kwanza fidia ya haki. Kwa nini basi mjane anayeuza mihogo sokoni atoe elfu tano zake? Tena kijiji kikizoea kujinunulia, wilaya nayo itazoea kutonunua. Hofu hiyo naiona ina msingi.

Hata hivyo mimi niko na wanaochanga, kwa sababu ardhi haisubiri bajeti. Mashamba yanakatwa ploti za futi 50 kwa 100, na mnunuzi kutoka mjini huja na pesa taslimu. Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema mwenye hati ya mailo (ardhi ya umiliki wa kudumu, hasa Buganda) akitaka kuuza amwulize kwanza mwenye kibanja, yaani anayekalia kipande cha ardhi hiyo, na mwenye kibanja naye akitaka kuuza amwulize kwanza mwenye hati. Kijiji hakimo katika mpango huo. Scotland, sheria ya 2003 iliwapa wakazi waliosajili nia yao nafasi ya kwanza ya kununua ardhi inapotolewa kuuzwa. Na hata kabla ya hapo, mwaka 1997, watu wa kisiwa cha Eigg, hukohuko Scotland, walikuwa wamekusanya michango, mingi ikitoka nje ya kisiwa, na kukinunua kisiwa chao. Kwetu kijiji husikia habari ya mauzo pale mashimo ya nguzo za ua yanapoanza kuchimbwa. Anayetuambia tuingoje serikali atuambie pia ni nani atakayeilinda chemchemi muda wote huo.

Kuhusu pesa, vijiji vyetu si wageni. Vikundi vya kuweka na kukopa vina sanduku lao la chuma lenye makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na pesa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Wako wanaotazamia zile shilingi milioni 100 za serikali kwa kila muluka (parokia, yaani kundi la vijiji) zilizoanza kutolewa mwaka 2022, lakini hizo ni za kukopesha kaya kwa ajili ya uzalishaji. Haziwezi kununua kiwanja.

Tatizo linaanzia kwenye karatasi. Nimewahi kushika makubaliano ya namna hii: kurasa mbili zilizochanwa kwenye daftari la shule, muhuri wa LC1, alama ya dole gumba la muuzaji, na mahali pa mnunuzi majina ya wazee watatu. Hakuna hata neno moja linalosema kwamba wazee hao wamenunua kwa niaba ya kijiji. Siku wakiondoka duniani, watoto wao watakuwa na karatasi safi kabisa ya kudai uwanja ule.

Sheria hiyohiyo ya 1998 imeweka njia nyingine, chama cha ardhi ya jumuiya. Asilimia 60 ya kundi wakikubali, wanachagua wasimamizi wasiopungua watatu na wasiozidi tisa, theluthi moja wakiwa wanawake, wanaandika katiba yao na kukisajili chama. Ardhi inakuwa ya chama, afe nani, abaki nani. Wapo wanaosema safari za ofisini zitachukua miezi na muuzaji atakuwa ameshapata mteja mwingine. Ni kweli inatokea. Lakini kinachowezekana ni kulipa kianzio kwa makubaliano yanayotaja kijiji waziwazi, orodha ya waliochanga ikiambatanishwa, na salio lisilipwe mpaka chama kiwe kimesajiliwa. Muuzaji naye aonyeshe barua ya mahakama inayompa usimamizi wa mirathi, na kama ni ardhi ya familia, mke au mume wake aridhie kwa maandishi. Na walio Luweero au kwingineko Buganda wajue kwamba anayenunua kibanja hajanunua hati: mwenye mailo lazima akubali mauzo hayo, na busuulu, kodi ya ardhi anayolipwa mwenye mailo, itaendelea kulipwa kila mwaka.

Liko bado suala linalowagawa watu kuliko yote haya: asiyechanga ana haki gani? Kijana aliye Kampala ametuma milioni moja, jirani yake hakutoa kitu. Wengi wanaona ni haki aliyetoa zaidi asikilizwe zaidi, na kwa mtu aliyejinyima ili atume, nauelewa uchungu wake. Lakini sauti ikipimwa kwa risiti, ardhi itakuwa mali ya wenye hisa, na siku moja wenye hisa watapiga kura wauze. Watakaoumia kwanza ni wanawake walioolewa kijijini, ambao pesa ya nyumbani imeandikwa kwa jina la mume, na wapangaji wanaochota maji palepale. Haki ifuate makazi. Aliyetuma milioni jina lake lisomwe mkutanoni, ashukuriwe, na apige kura moja kama wengine. Na daftari la mchango liwe na safu ya pili, ya waliotoa siku ya kazi: kufyeka, kuzibua chemchemi, kupanda miti ya mpaka.