Yatima Akibisha Hodi

Riwaya nyingi za watoto huanza kwa kuwaua wazazi. Sababu moja inaeleweka: mtoto mwenye mama na baba wa kumlinda haachwi aingie barabarani peke yake, na asipoingia barabarani hakuna hadithi. Hilo silipingi. Ninachopinga ni namna baadhi ya waandishi wanavyomaliza mambo: mama tajiri anaibuka, nguo za uchangani zinathibitisha damu, na maumivu yote yanafutika ndani ya sura moja. Msomaji ambaye ni yatima kweli anaachwa mikono mitupu. Wake haibuki.

Sans famille ya Hector Malot, iliyotoka Ufaransa mwaka 1878, inamalizika hivyo. Rémi, mtoto wa kuokotwa, anakodishwa na mume wa mama mlezi wake kwa msanii wa mitaani anayezunguka na mbwa na kima. Anafiwa njiani, ananusurika mgodini, na mwishowe mama mzazi anapatikana, mwanamke wa Uingereza mwenye mali zake. Lakini ukurasa unaonishika mimi uko kabla ya hapo. Mama mlezi, Barberin, alilazimika kumuuza ng'ombe wake mmoja tu kwa sababu ya shida za mumewe. Rémi na rafiki yake Mattia wanadunduliza vijisenti vya kupiga muziki hadi wanamnunulia ng'ombe mwingine, wanampelekea bila kumwarifu. Kwa maoni yangu familia imepatikana pale zizini. Yanayofuata ni kukamilisha hati za urithi.

Christopher Paul Curtis, Mmarekani, alilielewa jambo hili vizuri zaidi katika Bud, Not Buddy ya mwaka 1999. Nitaufichua mwisho wake, maana hoja yangu imo humo. Ni mwaka 1936, wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, katika mji wa Flint, Michigan. Bud ana miaka 10. Mama yake alifariki bila kumtajia baba yake ni nani, ila alihifadhi vipeperushi vya bendi ya jazi ya Herman E. Calloway, na siku alipoleta kimoja nyumbani alikuwa amefadhaika sana. Bud anaunganisha mambo kama mtoto anavyoyaunganisha: huyu lazima ni baba yangu. Anafunga safari ya kwenda Grand Rapids, zaidi ya kilomita 150, akikusudia kuzitembea kwa miguu.

Napenda kwamba hesabu yake ina kosa na bado inamfikisha. Calloway si baba yake. Ni mzee mkali anayemwona mwongo, na Bud anapotoa mawe yaliyoandikwa jina la mji na tarehe, anashutumiwa kuwa ameyaiba. Mawe hayo yalikuwa ya mama yake. Mzee amekuwa akiyaokota kila anakokwenda kupiga muziki, kwa sababu binti yake, ambaye ndiye mama wa Bud, alipokuwa mdogo aliwahi kumwomba jiwe, na hakuacha hata baada ya binti huyo kutoroka nyumbani. Kwa hiyo dakika ile ile Bud anapompata babu, babu anapata habari za msiba. Aliyekuwa akitafutwa alikuwa naye akisubiri mtu, na mtu huyo harudi tena.

Hapo ndipo wengi hukosea. Humchora yatima kama mwenye shida pekee, na anayempokea kama mlango tu wa kufunguliwa. Curtis anampa mlango huyo majonzi yake, ukali wake, na hatia ya mzazi aliyembana mtoto hadi akakimbia. Bud analala chumba kilichokuwa cha mama yake kabla hajajua ni chake. Nikifika hapo huwa naweka kitabu chini kidogo.

Wapo watu wazima wanaodhani watoto waliofiwa waepushwe na vitabu vya aina hii, eti vitawatonesha. Nadhani kinachowaumiza zaidi ni kitabu kinachojifanya kwamba pengo linazibika. Mtoto aliyezika mzazi anajua halizibiki. Anachotaka kujua ni kama kuna maisha upande wa pili, na ni nani atakuwepo.

Curtis anajibu bila kumgeuza Calloway kuwa mpole kwa usiku mmoja. Tunamwacha mzee akiwa bado anamlilia binti yake, na wanaomkaribisha Bud ni wanamuziki wa bendi: wanampa jina la utani na saksafoni ya mitumba. Sauti anazotoa ni za kukwaruza masikio. Hakuna anayemnyang'anya.