Shikamoo haitoshi

Kila nikienda kwetu Kilifi, pwani ya Kenya, likizo, kuna maneno lazima niyasikie: "Nyinyi huko Ulaya mnawatupa wazee." Wanaonijua huyasema kwa mkazo zaidi, maana kazi yangu ni uhudumu katika makao ya wazee kusini mwa Uingereza. Mzungu hana utu, sisi tuna heshima, na mjadala unaishia hapo.

Mimi sasa nina miaka 58 na mvi zimekwisha kunijaa. Nimefika umri wa kujiuliza nitazeekea wapi, na swali hilo likinikaa moyoni siwezi kuyakubali maneno yale. Ni kweli, huku niliko wazee wanadharauliwa. Lakini kwetu pwani wazee wanauawa.

Nianze na huku, asije mtu akadhani nimekuja kuwapamba Waingereza. Huku mtu akizeeka anakuwa kama hayupo. Si kwamba hatunzwi. Analishwa, anaogeshwa, dawa anapewa kwa saa. Anachonyimwa ni kuulizwa. Hivi karibuni daktari alikuja kumwona mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mhandisi wa madaraja, na ambaye hadi leo husoma gazeti lake lote na kunikosoa nikikosea tarehe. Alikuwa ameketi kitini, vifungo vya shati amevifunga mwenyewe mpaka shingoni. Daktari akamgeukia binti yake: "Analala vizuri? Anaumwa wapi?" Binti akajibu. Mzee akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akagonga meza kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Daktari akatabasamu, akamgusa bega, akaendelea kuongea na binti.

Hayo ni ya kila siku. Ya mwaka 2020 yalikuwa mazito zaidi. Korona ilipoingia, wazee walitolewa hospitalini wakaletwa kwenye makao bila kupimwa, ili vitanda vipatikane. Nilikuwa zamu siku zile. Nilikunja nguo za watu ambao asubuhi waliniita kwa jina langu. Wanawake wawili waliofiwa na baba zao wakaipeleka serikali mahakamani, na Aprili 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sera ile ilikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa haikuzingatia hatari ya mtu asiye na dalili kuwaambukiza wengine. Marehemu hawakurudi. Lakini serikali ilisimamishwa ikajibu kuhusu vifo vya wazee, na hilo silioni kuwa jambo dogo.

Huku kuna Sheria ya Usawa ya 2010, inayokataza kumbagua mtu kwa umri wake. Mwaka 2011 ikaondolewa pia ile ruhusa ya mwajiri kumstaafisha mtu kwa sababu tu ametimiza miaka 65. Mimi mwenyewe imenifaa. Niliomba mafunzo ya kuwa kiongozi wa zamu, na msimamizi akaniambia kwa sauti tamu kwamba nafasi ile ingemfaa zaidi mtu mwenye miaka mingi mbele yake. Nikamwomba aniandikie maneno hayo kwa barua pepe. Hakuandika, na baada ya siku chache jina langu likawa kwenye orodha. Sisemi dharau imekwisha. Wenzangu wa rika langu bado hupaka nywele rangi kabla ya usaili, maana wanajua macho ya mwajiri hutua kichwani kwanza.

Sasa twende kwetu. Kabla ya safari yangu ya mwisho mjomba alinipigia simu. "Mwanangu, usiniletee shati. Niletee rangi nyeusi ya nywele, ile isiyotoka upesi." Mjomba amepita miaka 70 na hana usaili wa kazi popote. Anapaka nywele ili apate usingizi usiku. Nilimkuta jioni nyuma ya nyumba, taulo mabegani, mjukuu wake akimpaka kwa mswaki wa zamani, kichwa chote mpaka nyusi. Ndevu alikuwa amezinyoa kabisa, kwa sababu mvi za kidevuni hujitokeza tena baada ya siku chache na haziwahiwi. Nilimpa shikamoo, akaniitikia bila kugeuza kichwa, asije akaharibu kazi ya mtoto.

Si mjomba peke yake. Kwa miaka mingi sasa, katika vijiji vya kaunti ya Kilifi, wazee wamekatwa mapanga kwa kisingizio cha uchawi. Mtoto akifariki, kijana akikosa kazi mjini, mifugo ikifa, jina la mzee mwenye mvi hutajwa. Lakini fuatilia kesi hizi mpaka chini na mara nyingi utakuta shamba. Ardhi ya ukoo iko mikononi mwa mzee, yeye ndiye anayejua mipaka, yeye ndiye anayekataa kuuza. Vijana wamepata mnunuzi. Tuhuma ya uchawi haihitaji ushahidi, na mzee akishazikwa hakuna tena wa kukataa.

Huko Ganze kuna Kaya Godoma, mahali wanapokimbilia wazee waliotuhumiwa. Naomba msomaji atulie kidogo hapa. Tunawasema Wazungu kwa makao yao ya wazee, nasi tuna makao ambayo mzee huyaingia kwa kuwakimbia watoto aliowazaa. Na si Kilifi tu. Kisii hali ni hiyo hiyo, na ng'ambo ya mpaka, Usukumani nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walikowapikia wale wale waliowageuka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ndio tunaojisifia wazee. Misitu ya kaya za Wamijikenda, yaani maskani matakatifu ya mababu zetu wa pwani, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, na kila mtu anajua imesalia kwa sababu ya wazee wa kaya na makatazo yao. Malindi tuna sanamu ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Hakuwa msichana. Alikuwa mjane, mtu mzima, mwenye ulimi na msimamo. Kila Agosti tunamwimbia. Mjane wa namna hiyo angekuwa hai leo kijijini, na mvi zake, akikataa ardhi iguswe, naogopa kufikiria angefanywa nini.

Na sheria tunayo. Katiba ya Kenya, ya mwaka ule ule wa 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Imeandikwa vizuri kuliko ya Waingereza, ukiniuliza mimi. Ila mzee wa kijijini anachokiona cha serikali ni zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee kwa pesa, akishafika miaka 70, tena zikichelewa.

Najua jibu nitakalopewa: nyumba nyingi zinawapenda wazee wao. Ni kweli kabisa. Nyanya yangu hakuwahi kula peke yake hata siku moja, na alifariki akiwa ameshikwa mkono na wanawe. Wazee ninaowahudumia hawana hilo, na wala hawakulipata mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilipoteua waziri wa kushughulikia upweke. Ninaupenda utunzaji ule wa kwetu na ninautaka kwa uzee wangu. Lakini mapenzi ya nyumba njema hayamlindi mzee aliye katika nyumba mbaya. Huyo anahitaji polisi afike, shahidi alindwe, kesi ifike mwisho, na ardhi ya mtu aliyeuawa isiuzwe wala kugawanywa mpaka upelelezi ukamilike.

Na sisi tulio nje tusijitoe. Ni sisi tunaotuma pesa kununua ploti pwani. Tunatumiwa picha, tunaambiwa bei ni nzuri, mwenyewe ana haraka. Ni wangapi tunauliza mzee wa shamba hilo yuko wapi, na kwa nini anayetia sahihi ni kijana? Mimi naona swali hilo lingekuwa la kwanza kabla hata ya bei. Wanunuzi wakigoma, biashara ya kuwasingizia wazee uchawi itapungua faida.

Kwa upande wangu, pensheni ya hapa nitaanza kuipata nikiwa na miaka 67. Ili uipate kamili unahitaji miaka 35 ya michango, na tuliokuja ukubwani wengi wetu hatutaifikisha. Tena ukihamia Kenya, kiasi unachoanza nacho ndicho kitabaki hivyo hivyo, hakipandi kila mwaka kama cha wanaobaki huku. Nimepiga hesabu zote hizo na bado nataka kurudi. Kaka yangu ananishauri ninunue nyumba Mtwapa, yenye ukuta na mlinzi, kwa kuwa mwanamke mwenye mvi, asiye na mume, mwenye pesa za Ulaya, hafai kukaa shambani. Ananipenda, ndiyo maana anasema hivyo. Nimemjibu kwamba nitajenga kwetu, jirani na mjomba. Desemba nakuja na mpima ardhi, mipaka iandikwe mbele ya chifu na vijana wote wa ukoo, mjomba akiwa hai na akiitaja mwenyewe kwa mdomo wake.