Bahari ya Shira

Kabla hujanicheka, jua kwanza kwamba bahari yenyewe ilikuwa nzuri. Iling'aa. Ukiinama ukaitazama kwa pembeni uliona vivuli vya minazi vimelala juu ya maji, na mtoto wa jirani alisimama mbele yake dakika nzima bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa uani kwetu Temeke.

Chanzo ni mtani wangu, Mnyamwezi, fundi simu. Tuna fremu moja: yeye anafungua simu, mimi nauza kava na chaji. Shemeji yake alirudi kutoka Uingereza na boksi la wanajeshi wa plastiki wa kipimo cha 1 kwa 72, yaani mtu mzima na kofia yake hafiki sentimita 3. Ukidhani ni vya watoto umekosea. Ni mchezo wa vita wa watu wazima: meza, rula ya kupimia mwendo, dadu za kuamua nani kapigwa risasi, na ubishi usiokwisha. Tukacheza wiki kadhaa juu ya meza tupu, na meza tupu haina raha. Kila mtu anamwona kila mtu, mwenye bunduki nyingi anashinda, mnakwenda kulala. Utamu wa mchezo huu uko kwenye ardhi: kilima cha kujificha nyuma yake, kichaka cha kukuchelewesha, njia moja nyembamba ambayo wote mnaitaka.

Basi tukachagua mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walishuka Ras Kasone na jeshi la watu kama 8,000 kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari wetu weusi, na akashinda. Mtani akaukamata upande wa Mjerumani papo hapo, kwa hoja kwamba askari wengi wa jeshi lile walikuwa Wanyamwezi. "Babu zangu hao. Nyie watu wa pwani mlikuwa mnakula madafu." Siku ya pili akapita Posta kupiga picha Sanamu ya Askari apate kuona viatu na kofia, akarudi anacheka: hata yule wa shaba bayoneti yake inaelekea bandarini, ndiko mtakakokimbilia. Nikamwambia sanamu ile waliisimamisha Waingereza wenyewe mwaka 1927. Hakunisikia. Mimi nikachukua Waingereza kwa sababu ya hesabu. Kila kipande kimoja watu 100: yeye 10, mimi 80. Mzaramo gani anaikataa hesabu hiyo?

Vita ile watu wengi wanaijua kwa jina la Vita vya Nyuki, maana risasi ziliwachokoza nyuki vichakani wakatoka kuuma watu. Kwa hiyo tukaweka sheria: kila raundi mmoja wetu anatupa dadu, ikija sita nyuki wanatoka, na kila aliye karibu na kichaka anarudi nyuma shubiri nzima.

Ardhi nikapewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye ua. Nikapata plaiwudi ya futi 6 kwa 4. Minazi ilinikalisha macho usiku mbili. Mnazi wa mita 20 ukiugawa kwa 72 unapata kama sentimita 28, na mtu asiyepiga hesabu hiyo anatengeneza minazi mifupi kama michicha. Nikaunganisha vijiti vya mishikaki viwili viwili, nikavizungushia uzi wa katani kutoka chini hadi juu ili shina lipate zile pete zake, kisha nikachana ukindu wa mkeka chakavu kuwa makuti. Nyasi nilifuata Keko kwa mafundi samani, vumbi la mbao kiroba kizima bure. Fundi akaniuliza kuku wangu wangapi. Nikasema themanini.

Kilima ndicho kilichoniharibu akili. Nilikichonga kwa stairofomu, ile nyeupe inayobana TV ndani ya boksi, ukiikata inalia kama mtu anasaga meno. Nikachonga ngazi ngazi, kwa sababu mteremko laini ni mzuri kwa macho lakini wanajeshi hawasimami, wanateleza kama walevi. Kikatoka kilima safi. Nikaenda kwa jamaa wanaopaka bodaboda, nikaazima kopo la rangi ya kupuliza, ya kahawia, nikapuliza.

Kilima kikaanza kunong'ona. Sss. Kikabonyea katikati, kikafanya shimo, shimo likafanya shimo, na mimi nimesimama na kopo mkononi nikitazama Ras Kasone inazama. Baadaye jamaa mmoja wa rangi akanieleza: ndani ya kopo mna kiyeyusho, mambo ya ukoo wa thina, nacho kinakula stairofomu kama moto unavyokula nailoni. Ulipaswa kuipaka kwanza gundi nyeupe mpaka isionekane, halafu rangi ya maji kwa brashi. Asante sana, kaka. Nikachonga kingine.

Tangu hapo kitu chochote chenye harufu kali sikukitaka karibu na meza. Na ndipo tukafika kwenye bahari. Watu wa mchezo huu hutengeneza maji kwa vanishi, au kwa ile dawa ya kuchanganya mbili ikaganda kama kioo. Vanishi nikainusa, nikaona kilima changu kinatetemeka. Ile nyingine nikaulizia bei Kariakoo, nikaaga kwa heshima.

Mke wangu anauza kaimati jioni. Jumapili ile asubuhi alikuwa ameshapika shira, ameipunguza, ameikamulia ndimu isifanye chengachenga, imekaa dirishani inang'aa. Nikaitazama. Haina thina. Haina harufu, ila iliki. Ukiipoza inakuwa nzito, inatulia. Mke wangu akaenda sokoni. Basi.

Nikaitia rangi ya chakula ya buluu, tone la kijani, nikaimimina polepole ndani ya ukingo wa silikoni niliouzungusha ufukweni. Bahari ya Hindi ikajaa yenyewe mpaka kwenye mikoko. Nikaonja kwa kidole.

Saa nane mchana tukaanza, meza chini ya mwembe. Themanini wangu wakashuka pwani kwa madaha. Mtani akawajaza askari wake kwenye mtaro wa reli akatulia. Raundi ya tatu ilikuwa zamu yake ya dadu.

"Mbili," akasema. "Nyuki hawatoki, mtani."

Nikamwona mmoja juu ya mashua yangu. Nikampuliza. Wakaja watatu. Pale kona ya mtaa wetu kuna mkokoteni wa juisi ya miwa, na nyuki wa mkokoteni ule tumewazoea kama majirani. Sikuwahi kujiuliza wangefanya nini wakisikia kuna mahali miwa imeshapikwa, ina iliki, na imemwagwa futi 4 nzima bila mtu wa kuwafukuza. Wakaja kwa kikosi. Bahari ikageuka nyeusi.

Mtani akapiga mkono. Kosa kubwa. Von Lettow-Vorbeck akaruka ndoo, akaruka jiko, akaingia chooni akafunga komeo. Mimi nilitaka kuwaokoa watu wangu, nikaumwa mdomo wa juu, nikaangukia kilima. Mama mwenye nyumba akatoka na upawa mkononi.

"Shikamoo mama," nikasema. Lilitoka "fikamoo".

"Marahaba. Nyuki hawa wa nani?"

Nimefikiria swali hilo mpaka leo.

Mke wangu ndiye aliyeingia getini wakati huo, na unga kichwani. Aliangalia sufuria tupu dirishani, akaangalia bahari, akaniangalia mdomo. "Baba Rehema," akasema taratibu, na taratibu yake ndiyo iliyoniogopesha kuliko nyuki.

Kutoka chooni sauti ikauliza, "Nani kashinda?"

Aliyetuokoa ni kijana wa miwa mwenyewe. Alikuja bila haraka, kifua wazi, nyuki wawili wanatembea begani kwake kama wako nyumbani. Akatuambia tusipige mikono, tukae mbali. Akainua plaiwudi upande mmoja, mtoto wa jirani mkubwa akashika wa pili, wakaitoa Tanga nje ya geti polepole, minazi ikiyumba, wanajeshi wangu wamekwama shirani mpaka kiunoni. Wakaiweka chini ya ukuta ng'ambo ya barabara, nyuki nyuma yake kama msafara wa harusi.

Akarudi kunawa mikono bombani. Nikajaribu kumshukuru kwa mdomo ule.

"Usijali, bro," akasema. "Lakini ukitengeneza nyingine niambie mapema. Leo nimeuza miwa saa nzima bila kufukuza nyuki hata mmoja."