Itsi Faini

Jamani, hiki Kiingereza kitatuua na kutuzika. Nina mteja wangu Mzungu, kila asubuhi nampeleka Masaki kwa pikipiki. Juzi nikapata pancha pale Mwenge, nikamfikia nimechelewa nusu saa, jasho hadi kwenye soksi. Nikajikaza: "Sori bosi, leti." Akatabasamu, akanipigapiga begani: "Itsi faini."

Faini! Na meno nje! Nikajua huyu ni wale wa kuuma huku wanapuliza. Sikubisha. Jioni nikamtumia elfu tano kwenye simu. Akapiga kuuliza ni ya nini. "Ya faini, bosi." Akacheka: "Faini, faini!" Akakata.

Kasema mara mbili. Nikatuma elfu tano nyingine.

Aliyenifumbua macho ni binti yangu wa kidato cha pili, tena baada ya kugaragara chini kwa kicheko. Kumbe fine ya kulipa na fine ya mambo safi zimetoka tumbo moja, kwenye neno la Kilatini finis, yaani mwisho. Ukilipa, kesi imefika mwisho. Kitu kikiwa kizuri, ubora umefika mwisho. Sawa, nimeelewa. Na elfu kumi yangu nayo imefika mwisho.

Nikamwambia nipe basi neno lenye adabu zake. Akanipa bank. Eti zamani kule Italia wabadilisha fedha walikuwa wanafanyia biashara mezani, vibenchi tu, wakaviita banco. Ndiyo ikazaliwa benki, ukoo mmoja na benchi. Na ukingo wa mto nao wanauita bank hiyohiyo! Kwa hiyo mwezi uliopita, niliposota saa tatu kwenye benchi la benki nikisubiri mkopo, nilikuwa nimeikalia benki ndani ya benki. Na mkopo nikanyimwa. Bora ningekwenda ile benki ya mtoni, ningerudi walau na kambale.

Mtoto hajamaliza. Eti run, kukimbia tu huku, kamusi kubwa ya Oxford imeipa maana zaidi ya 600. Mwizi anakimbia, sawa. Pua inakimbia. Mgombea anakimbia. Mwenye duka naye "analikimbia" duka lake, na wala hadaiwi!

"Lakini baba, hata sisi tuna paa." Paa wetu ana shida gani? Yuko porini, liko juu ya nyumba, na ukiambiwa upae samaki huendi uwanja wa ndege.

Basi jana nikatoka nimeiva, Kiingereza kimekaa sawasawa kichwani, ila helmeti nimeisahau nyumbani. Trafiki akanipiga mkono. Akanitazama juu hadi chini, akasema neno moja tu: "Faini."

Nikamkenulia. "Faini tu, afande! Sijui wewe?"

Hakujibu. Akachomoa kile kimashine chao, karatasi ikaanza kutoka.