Mlafi si yule anayekula sana

Juzi mpwa wangu wa miaka 11 alimaliza sahani mbili za wali maharage, akaomba ya tatu. Jirani aliyekuwa amekaa nasi akaropoka, "We mtoto mlafi!" Mtoto akairudisha sahani chini kimyakimya. Nilichukia. Huyu ni mlaji tu. Anakua, ametoka kucheza mpira juani, na kwenye sufuria wali bado ulikuwepo wa kututosha wote.

Ulafi mimi nimeufahamu kwenye sinia. Mnakaa watu watano kwenye pilau, kila mtu na upande wake, nyama inaachwa katikati hadi mkubwa aigawe. Kuna mkono mmoja utauona unatambaa, unachimba chini ya wali wa mwenzake, unarudi na kipande. Mwenye mkono huo hata akinyanyuka kala matonge sita, ndiye mlafi. Wingi wa chakula hauhusiki.

Mroho ni mwingine tena, ingawa wengi tunawachanganya. Mroho anaweza asile chochote. Neno limetoka kwenye roho, na roho kwetu ni koo vilevile. Ndiyo maana mwizi humkaba mtu roho. Mroho basi ni koo linalomeza mate kwa sahani ya mwenzake. Fisi wa hadithi, yule aliyeshindwa na njia mbili kwa kufuata harufu ya nyama huku na huku hadi akapasuka msamba, tunamwita mlafi, lakini hakuonja hata mfupa. Nadhani tumemwonea. Alikuwa mroho.

Mei 2013, wabunge wa Kenya walipodai mishahara minono, waandamanaji walipeleka nguruwe na damu nje ya Bunge, Nairobi. Ujumbe ulifika, ila nguruwe hula alichomwagiwa. Anayeshika mwiko wa wote na kujipakulia kwanza, huyo ndiye mlafi hasa, na Kiswahili hakihitaji mnyama kumweleza.

Huku Tanzania mtu akiteuliwa tunasema "kapata ulaji", tena kwa kicheko, tukimpa mkono wa pongezi. Neno kali la ulafi tumemwekea mtoto mwenye njaa.

Mpwa wangu nilimpakulia mwenyewe ile sahani ya tatu. Na ukoko nikamkwangulia.